Jinsi ya kuomba eksirei ya tumbo Dodoma, mawe ya utumbo yanaposhukiwa

Eksirei haiombwi dirishani. Daktari ndiye anayeiandika, akishakupima. Wa Kondoa, Kongwa au Mpwapwa aanzie hospitali ya wilaya. Ikibidi atapewa rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Dodoma mjini, na juu yake ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwenye bima asiruke ngazi, kadi isije ikagoma akalipa taslimu. Ila anayetapika mfululizo, tumbo limejaa, hatoi choo wala hewa, huyo apelekwe moja kwa moja kitengo cha dharura.

Mambo mengi huharibikia kwenye fomu. Ikiandikwa "maumivu ya tumbo" basi, mpiga picha atapiga moja ya kulala na kazi imeisha. Mweleze daktari, ili naye aandike: maumivu yalianza lini, choo cha mwisho kilikuwa lini, umewahi kupasuliwa tumbo, kuugua kifua kikuu au kuambiwa una mawe ya nyongo. Hayo si maswali ya kupoteza muda. Jiwe la utumbo hukua pale chakula kinapotuama, mathalani penye kovu la kifua kikuu au la upasuaji. Na jiwe kubwa la nyongo huweza kutoboa njia, likaingia utumboni na kuuziba. Mwanamke ataje tarehe ya hedhi ya mwisho, na akihisi ana mimba aseme kabla ya kuingia chumbani.

Utumbo ukidhaniwa umeziba, fomu itaje picha mbili za tumbo, ya kulala chali na ya kusimama. Ukidhaniwa umetoboka, iongezwe ya kifua, mgonjwa akiwa wima kwa dakika kama 10 kabla, hewa iliyovuja ipate kupanda chini ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Asiyeweza kusimama hulazwa ubavu wa kushoto.

Ukishalipa au bima ikishathibitishwa, nenda na fomu chumba cha eksirei. Picha hii haihitaji kufunga kula. Kojoa kwanza, toa sarafu mfukoni, vua mkanda na shanga za kiunoni. Shanga ya kioo kwenye picha inaweza kufanana kabisa na kijiwe. Vidonge vya madini ya chuma ulivyomeza karibuni navyo huonekana vyeupe, vitaje. Ukiambiwa toa pumzi ushikilie, shikilia kweli, la sivyo picha itatoka na ukungu na utaongezewa mionzi bure.

Majibu yasiishie kwenye "jiwe lipo" au "halipo". Utumbo mwembamba uliotanuka kupita sentimita 3, au mpana kupita 6, unaashiria kuziba hata kama jiwe halionekani. Na mara nyingi halionekani: lenye kalisi ya kutosha hung'aa, lililotokana na asidi za nyongo hupotea kabisa, na mawe mengi ya nyongo ni hivyohivyo. Kwa hiyo picha ikiwa safi na maumivu yapo palepale, rudi kwa daktari uulizie CT skani, picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya tumbo kwa undani zaidi. Usikubali kunyweshwa bariamu, dawa nyeupe inayofanya utumbo uonekane kwenye picha, iwapo kutoboka kwa utumbo bado kunashukiwa, maana ikivuja ndani ya tumbo huleta madhara makubwa.

Ukipewa rufaa, beba picha yenyewe, ya filamu au ya CD, pamoja na ripoti. Ukienda na ripoti peke yake, huenda ukapigwa upya.