Namna ya Kuuza Mtori Mjini Moshi Bila Kuupotezea Asili Yake

Anayetaka kuufanya mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, kuwa biashara aanze na ndizi, kwa kuwa mshare (aina ya ndizi ya kupika) mbichi iliyokomaa ndiyo inayopondeka vizuri, ilhali iliyoanza kuiva huuachia mtori utamu usiotakiwa. Chemsha nyama yenye mifupa hadi ilainike, itoe kando, kisha tia ndizi na vitunguu katika supu hiyohiyo. Zikiiva, ziponde kwa mwiko hadi ziwe kama uji mzito unaodondoka polepole kutoka kwenye upawa, ndipo uirudishe nyama. Usishawishike kuongeza unga wa ngano ili sufuria ijae: mteja aliyelelewa Kibosho au Marangu hugundua kwa kijiko cha kwanza, na malalamiko yake (nimeyasikia) hayana staha.

Kwa Wachaga, mtori ni chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua. Andika hivyo kwenye ubao wa bei, hasa kwa ajili ya wageni wanaoshuka Mlima Kilimanjaro. Uuze asubuhi ungali moto, kwani ukipoa huganda. Ukikusudia kuufungasha, wasiliana kwanza na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, kabla ya kununua vifungashio.