Kongamano la Kitaaluma Ughaibuni: Tafuta Mabango Kabla ya Ukumbi Mkuu

Kwa Mwafrika Mashariki anayeishi ughaibuni, maandalizi ya kongamano huanza na pasipoti. Mkenya au Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anaweza kuhudhuria mkutano Vienna au Lisbon kwa kibali hichohicho, mradi asizidishe siku 90 ndani ya siku 180, lakini akialikwa London atahitaji viza. Mwenzake wa London naye ataomba viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya bara), ambayo ombi lake hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Omba barua ya mwaliko mara tu ikisiri yako, yaani muhtasari wa utafiti unaotaka kuwasilisha, inapokubaliwa. Mwaka 2022, wajumbe wengi kutoka Afrika walilikosa Kongamano la Kimataifa la UKIMWI mjini Montreal kwa sababu walinyimwa viza au zilichelewa.

Ukishafika, usishinde ukumbi mkuu kutwa nzima. Hotuba kubwa mara nyingi hurekodiwa. Mazungumzo ya mabango, yale makaratasi makubwa ambayo watafiti hubandika kueleza utafiti wao, hayarekodiwi. Chukua mfano wa mkutano wa kila mwaka wa Jumuiya ya Marekani ya Tiba na Afya ya Kitropiki, uliofanyika Chicago mwaka 2023 na New Orleans mwaka 2024, ambao huwavuta watafiti wa taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara ya Tanzania na KEMRI ya Kenya. Mtaalamu wa maabara anayeishi Minnesota na kutamani kushirikiana na nyumbani huwakuta hapo watu ambao kwa barua pepe angewasubiri kwa wiki kadhaa, nao wamesimama kando ya mabango yao wakingoja kuulizwa. Soma kwanza sehemu ya bango inayoeleza mbinu za utafiti, kisha uliza jambo mahususi: kwa nini mitego ya mbu iliwekwa nje ya nyumba na si ndani? Swali la namna hiyo hufungua mazungumzo kuliko kadi ya jina.

Malezi yetu hutufundisha kumsubiri mkubwa atuite, au atokee mtu wa kututambulisha. Katika mikutano hii anayesubiri hivyo huondoka bila kuzungumza na mtu, kwani profesa mwenyewe hutarajia umfuate, umtajie jina lako na unachofanya kwa sentensi mbili, kisha uulize. Vivyo hivyo wakati wa maswali ukumbini: ile desturi yetu ya kumshukuru mwenyekiti, kuwapongeza watoa mada wote na kueleza ulikotoka itakumalizia dakika yako, na kipaza sauti kitachukuliwa kabla hujauliza. (Nyumbani ni adabu, na mimi naipenda, ila ihifadhi kwa mapumziko ya chai.)

Wakati wa chakula, Waswahili hukusanyika meza moja. Hakuna ubaya, maana hapo ndipo habari za nafasi za kazi na ufadhili husemwa wazi. Kaa nao mlo mmoja, mwingine kaa na usiowajua.

Andika barua pepe ndani ya wiki moja. Taja bango au kikao mlikokutana, kumbusha hoja mliyoijadili, omba jambo moja tu, kwa mfano makala kamili au simu ya dakika 20, na usiambatishe wasifu wako ikiwa hukuombwa.