Jinsi ya Kupanga Albamu za David Gilmour kwa Ubora

Sisi wachache tunaosikiliza roki hapa Mombasa, mji uliozoea taarabu, hubishana sana barazani kuhusu albamu za David Gilmour, mpiga gitaa na mwimbaji wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, kwa hiyo ni vyema kuzipanga kwa utaratibu. Kwanza, tenga kazi zake binafsi na zile za Pink Floyd. Utabaki na albamu tano za studio, za miaka ya 1978, 1984, 2006, 2015 na 2024. Zisikilize kwa mfuatano huo, kila moja usiku wake, feni ikiwa imezimwa ijapokuwa joto la kaskazi halina huruma, kwa sababu uzuri wa gitaa lake umo katika noti inayovutwa polepole, na mvumo wa feni huufunika mwisho wa noti hiyo. Kisha jiulize ni ipi ungeirudia bila kuruka wimbo.

Kwangu mimi, On an Island ya 2006 inaongoza kwa utulivu wake, ikifuatwa na Luck and Strange ya 2024, ambamo binti yake Romany anaimba. About Face, yenye mlio mzito wa miaka ya themanini, naiweka mwisho.