Kabla hujamkabidhi mtu mgongo wako

Simu zimejaa video za mtu kalala kifudifudi, anabonyezwa mara moja, mgongo unalia kwa-kwa-kwa, anainuka anacheka. Kazi hiyo inaitwa kairopraktiki. Siipingi, ninachopinga ni kuiendea kichwa kichwa.

Jua kwanza ilikotoka. Mwaka 1895, mjini Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, D. D. Palmer alimbonyeza mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa hasikii vizuri, akadai masikio yamefunguka. Akashikilia kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizohama kidogo zikabana neva. Hapo ndipo pa kuwa macho. Maumivu ya kiuno yanaweza kupungua kiasi kwa kubonyezwa. Ukiahidiwa kuponywa kisukari au presha, vaa viatu uondoke. Na ule mlio si mfupa kurudi mahali pake, ni gesi kwenye ute wa kiungo, kama unapovunja vidole. Usiihesabu milio ukadhani ndiyo dawa.

Uliza kasomea wapi. Ni masomo ya miaka kadhaa. Afrika Kusini yanafundishwa vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Cheti cha kuchua cha wiki mbili si hicho. Kinyozi anayekuzungusha shingo akishamaliza kukunyoa naye hayumo kabisa.

Vaa nguo isiyobana. Taja dawa unazomeza, hasa za kuzuia damu kuganda. Una mimba, sema. Mifupa imeanza kuwa myepesi, sema.

Sasa kuhusu kupimwa. Shemeji yangu alikuwa dereva wa lori la masafa. Mgongo ulimuuma miezi minne na sote tukalaumu kiti. Mkanda wake ulihama tundu la tatu hadi la tano, mwishowe akatoboa lake kwa msumari. Sisi tukamsifia kitambi kimeisha. Usiku dada alikuwa anageuza mto kwa jasho. Akaelekezwa kwa bwana mmoja mwenye koti jeupe na mifupa ya plastiki mezani. Hakuulizwa homa, hakuulizwa kukonda, akapandishwa kitandani akabonyezwa. Alirudi anasifu, kweli alijisikia mwepesi. Siku ya sita akataka kukanyaga klachi, mguu wa kushoto ukagoma.

Hospitali walipiga picha: pingili mbili zimeliwa na TB. Hakuwa amekohoa hata siku moja, nasi hatukujua TB hukaa mgongoni. Alimeza dawa mwaka mzima. Daktari hakusema kubonyezwa ndiko kulikomlaza mguu. Alisema tu kwamba mfupa ulioliwa haubonyezwi. Leo anatembea, ila lori hapandi tena.

Kwa hiyo maumivu yanayokuamsha usiku, homa za jioni, kukonda bila sababu, kuanguka hivi karibuni, au kama uliwahi kuugua saratani: anzia hospitali. Tabibu wa kweli atakuuliza hayo yote kabla hajakugusa, na kwa mengine atakurudisha mwenyewe hospitali ukapimwe. Ganzi ikishika sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au mkojo ukikataa au kujitokea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumatatu.

Shingo mimi sitoi. Mishipa ya damu iendayo ubongoni inapita ndani ya pingili zake. Ni nadra kuchanika, lakini ikichanika huleta kiharusi. Unaruhusiwa kukubali kiuno na kukataa shingo. Ukitoka pale ukashikwa na kizunguzungu kikali, ulimi ukawa mzito au uso ukapinda upande mmoja, usirudi kwake akuweke sawa, kimbilia hospitali.

Malipo nayo: ukiambiwa ulipie vipindi ishirini kwa mkupuo, kataa, lipa kimoja kimoja. Usipoona nafuu baada ya vichache, acha. Chukua risiti. Usiende umetoka kushindilia ubwabwa, utalalia tumbo. Mara ya kwanza nenda na mtu. Na akipokea simu huku kakushika kichwa, mwambie akuachie kwanza.