Tangi la maji la stesheni kwa boksi na foili ya chipsi

Wengi tukianza kujenga reli ndogo ya mezani akili yote iko kwa treni, injini gani, mabehewa mangapi, alafu ukiangalia pembeni ya reli hamna kitu, jangwa tupu. Mi naona stesheni ya reli ya mita (ile ya upana wa mita moja) bila tangi la maji bado haijaisha. Zile Garratt za klasi 59, injini kubwa za mvuke za reli ya Afrika Mashariki, ziliundwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock kule Manchester miaka ya hamsini (moja, Mount Gelai namba 5918, ipo makumbusho ya reli Nairobi, kaitembelee), zilikua na tani kama 250 kila moja na zilikunywa maji si mchezo.

Sasa mtu atakwambia bila ramani ya vipimo huwezi. Anakuzingua. Hayo matangi ya chuma ya mraba mengi yameungwa kwa paneli zinazofanana, futi 4 kwa futi 4, zimefungwa kwa bolti. Futi 4 ni milimita 1219, kwa skeli yangu ya 1:87 (kitu halisi kimepunguzwa mara 87) gawa kwa 87 unapata 14 kamili. Kwa skeli ya 1:76 ni 16. Kwahiyo we hesabu paneli tu! Langu lina 4 kwa urefu, 3 kwa upana, 2 kwenda juu, basi ni milimita 56 kwa 42 kwa 28, na ile minara ya chini pia unaikadiria kwa hiyohiyo paneli, kama mguu ni sawa na paneli tatu na nusu kata milimita 49 umemaliza. Ukubwa wa maji nao unaujua hapohapo, kila futi 4 pande zote tatu ni kama galoni 400 za Kiingereza, hivo langu lingebeba kama 9,600. Picha piga ukiwa mbali alafu zuum, ukisimama chini yake paneli za juu zinatoka fupi na hesabu yote inaharibika. Na mwombe stesheni masta kwanza, mtu anayepiga picha tangi nusu saa anatia watu wasiwasi.

Boksi la ndani kata kwa katoni ngumu ya kiatu, na weka vipande viwili vya kukingama ndani, usiruke hii, gundi nyeupe ya mbao ina maji na katoni ikilowa inajikunja kama chapati.

Paneli zenyewe ndo utamu. Chukua trei ya foili ya chipsi, ile sehemu ya chini iliyo laini, itandaze juu ya pedi ya mausi, kwa bic iliyoisha wino na rula chora viboksi vya milimita 14. Paneli nyingi zina mkunjo kama X katikati, angalia picha yako kama X imetoka nje au imeingia ndani, ikiwa imetoka chora ukiwa upande wa nyuma. Usikandamize, pitisha mara mbili kwa mkono mwepesi, ukilazimisha mara moja inachanika. Maungio yakiwa yamechomoza nje bandika vijiukanda vya manila vya milimita moja juu ya mistari, ni kazi ya kuchosha, weka redio. Na trei OSHA NA SABUNI. Langu la kwanza nililifuta na kitambaa tu, nikapiga praima, nikapiga rangi ya fedha, kesho yake inabanduka kama ganda la kitunguu sababu ya mafuta ya chipsi.

Miguu: vipande vitatu vya manila, viwili vimelala kimoja kimesimama katikati, unapata chuma cha I. Mikingamo ni waya mwembamba uliochomolewa kwenye kebo, bomba la kushuka ni kile kijiti cha plastiki cha pamba za masikio. Supagluu tone dogo kwa ncha ya pini.

Kitu kidogo ambacho wengi wanakosea ni ule ubao wa namba pembeni wenye mshale. Mshale umefungwa kamba na boya lililo ndani, kwahiyo maji yakipanda mshale unashuka, ukiuweka juu kabisa maana yake tangi limekauka na injini yako imesimama hapo bure.

Kutu parua chaki ya rangi ya kahawia, ipake kwa brashi kavu kutoka maungioni kwenda chini, kidogo sana. Vumbi mi natumia udongo wenyewe mwekundu wa Voi, nachuja kwa soksi ya kike, alafu napitisha sumaku mara kadhaa maana ule udongo una chembe za chuma na zikiingia kwa mota ya injini utalia.

Kabla hujagandisha tangi mezani chukua injini yako ndefu kuliko zote uisukume kwa mkono pole pole kwenye kona ya reli iliyo karibu na tangi. Garratt tumbo lake linaingia ndani ya kona na ncha zinatoka nje, mimi ilibidi nisogeze tangi milimita 6 nzima.