Kabla ya Kuzunguka Tbilisi, Yerevan na Baku

Kwenye ramani, Georgia, Armenia na Azerbaijan (miji mikuu yake ni Tbilisi, Yerevan na Baku, kwa mpangilio huo) ni kama nyumba tatu zinazochangia uwanja. Ukipanga safari kwa kuamini ramani hiyo utakwama, kwa sababu hapo kuna majirani wasiofunguliana milango.

Mpaka wa Armenia na Azerbaijan umefungwa kwa wasafiri tangu vita vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vya kugombania Nagorno-Karabakh (au Karabakh tu), jimbo la Azerbaijan lililokuwa na wakazi wengi Waarmenia. Uturuki nayo ikafunga wake na Armenia mwaka 1993. Ni kweli Agosti 2025 Rais Aliyev wa Azerbaijan na Waziri Mkuu Pashinyan wa Armenia walikutana Washington, na mawaziri wao wa mambo ya nje wakaweka saini za awali kwenye rasimu ya mkataba wa amani, lakini usikate tiketi kwa habari njema. Kutoka Yerevan utapanda hadi Georgia kupitia kituo cha mpakani cha Sadakhlo. Ukifika Tbilisi, tenga nauli ya ndege ya kwenda Baku: Azerbaijan ilifungia abiria mipaka yake ya nchi kavu Machi 2020, wakati wa korona, na muda huo umekuwa ukisogezwa mbele kila mara. Malori yanapita, mafuta yanapita kwenye bomba la Baku–Tbilisi–Ceyhan. Anayezuiwa ni mtu mwenye begi. Soma tangazo la karibuni kabla hujalipa chochote.

Mhuri wa Armenia hautakunyima viza ya Azerbaijan, ingawa maswali jiandae nayo. Aliyewahi kuingia Karabakh bila idhini ya serikali ya Baku, huyo ndiye aliyekuwa akipigwa marufuku kuingia Azerbaijan.

Usiingie Abkhazia wala Ossetia Kusini, majimbo yaliyojitenga na Georgia, ukitokea Urusi kisha ukatokeza Tbilisi. Kwa sheria ya Georgia ya 2008 hilo ni kosa la jinai.

Mwenye mzigo wa kwenda Urusi ana hesabu nyingine. Georgia na Urusi hazina uhusiano wa kibalozi tangu vita vya 2008, Uswisi ndiyo mpatanishi, lakini divai ya Georgia inauzwa Urusi kama kawaida (wamenuniana huku wanauziana!). Malori ya Armenia, iliyo katika Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia pamoja na Urusi tangu 2015, nayo hupita Georgia kwa barabara moja ya milimani hadi Lars, kwenye mpaka wa Urusi. Majira ya baridi theluji huifunga, na foleni ya malori hulala hapo kwa siku kadhaa. Mzigo unaooza usiupeleke Januari.