Jinsi ya Kumtii Mungu Pasipo Kubakiza

Anayetaka kujifunza kumtii Mungu na aanze kwa kusoma 1 Samweli 15, kwa sababu hapo yumo mtu aliyetekeleza sehemu kubwa ya agizo na bado akahesabiwa kuwa ameasi. Sauli, mfalme wa Israeli, alitumwa na Mungu kwa kinywa cha nabii Samweli kuwaangamiza Waamaleki pamoja na mifugo yao. Alikwenda, akapigana, akashinda, lakini akamwacha hai mfalme Agagi na kondoo na ng'ombe walionona. (Agizo hilo la vita ni zito, na msomaji mwaminifu hawezi kulipita kana kwamba ni jepesi, lakini kinachotuhusu hapa ni namna Sauli alivyojitetea.) Alimlaki Samweli kwa kutangaza kwamba ameitimiza amri ya Bwana, na nabii akamuuliza maana ya kulia kwa kondoo anakokusikia. Ndipo Sauli akasema kwamba ni watu waliowabakiza, tena ili wamtolee Mungu dhabihu. Samweli akamjibu kuwa kutii ni bora kuliko dhabihu.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba ufunuo mpya, tafuta kwanza ulichobakiza. Wengi wetu hufunga na kukesha tukimwuliza Mungu kuhusu kazi, mchumba au safari, ilhali maagizo yaliyokwisha kuandikwa bayana yanangoja. Mfikirie mwenye nyumba anayejiandaa kutoa sadaka ya shukrani Jumapili, bahasha imekwisha kuandikwa jina, huku dada wa kazi anadai mshahara wa miezi miwili na kila akiuliza anaambiwa avumilie. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaamuru mfanyakazi maskini apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana. Hapa hayahitajiki maono wala mtumishi wa kufasiri ndoto. Fedha iliyomo katika bahasha ihesabiwe upya, dada alipwe kwanza na aombwe radhi kwa kucheleweshewa, kisha shukrani ipelekwe madhabahuni kwa kiasi kitakachobaki, hata kikiwa kidogo cha kuonea haya. Yesu naye alifundisha, katika Mathayo 5:23-24, kwamba sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka mtu apatane na ndugu yake.

Ukishalijua la kufanya, lifanye mapema, wala usilidharau kwa udogo wake. Naamani, jemadari wa Shamu, nusura arudi kwao na ukoma wake kwa kuwa aliona kujichovya mara 7 katika mto Yordani, kama nabii Elisha alivyomwagiza ili apone, ni kujishusha. Watumishi wake ndio waliomsihi akakubali.

Lipo jambo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi katika makanisa yetu. Kumtii Mungu si kumtii kila anayesema, “Mungu ameniambia.” Mitume walipokatazwa kuhubiri walijibu kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu (Matendo 5:29), na neno hilo linamhusu pia mwanadamu aliyesimama madhabahuni. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu ambao inadaiwa walifundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Ukipewa agizo la kumnyima mtoto chakula, kuacha dawa, kumficha mwenzi wako jambo au kukabidhi hati ya shamba, lipime kwa Maandiko, kisha uwashirikishe wazee wa kanisa na watu wengine wasiofaidika nalo kwa lolote. Aliyekuletea akikuharakisha au akikukataza kuuliza, likatae.

Utakapokosa, usiungame kama Sauli, ambaye alisema amefanya dhambi na papo hapo akamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee wa Israeli. Daudi, alipokemewa na nabii Nathani, hakumsingizia mtu yeyote. Litaje kosa kwa jina lake mbele za Mungu na mbele ya uliyemkosea, na kama kipo cha kurudisha, panga siku ya kukirudisha palepale mnapozungumza, kama Zakayo alivyoahidi mbele ya Yesu kumlipa mara 4 kila aliyemdhulumu.